Walirushaje mpira kwa intaneti ya kupiga simu, na hela ilitoka wapi?

Swali limetoka kwa kijana wa Morogoro, nalifupisha: "Shikamoo braza. Mimi na washkaji wawili tunarusha laivu mechi za mchangani, tuna kamera moja na laptop. Nasikia Mark Cuban, yule tajiri wa Kimarekani, alipiga mabilioni kwa kurusha mpira kwenye intaneti miaka ya 90, kipindi ambacho intaneti yenyewe ilikuwa ya kupiga simu. Waliwezaje? Na hela ilitoka wapi hasa, matangazo? Alafu je, tununue seva yetu au kamera ya pili?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako zuri na nitalijibu kwa urefu, ila nianze kwa kukuharibia hadithi kidogo: hela ya matangazo ilikuwepo lakini sio iliyowaweka mjini, na yale mabilioni hayakutoka kwa wasikilizaji hata kidogo. Tutafika huko.

Kwanza kampuni yenyewe. Ilianza kwa jina la AudioNet, Dallas, Texas, mwaka 1995, baadae ndo ikaitwa Broadcast.com. Watu humtaja Cuban peke yake sababu ndo mwenye mdomo, ila alikuwepo Todd Wagner, mwanasheria, ambae mi naona kwenye biashara hii mwanasheria alikuwa na kazi kubwa kuliko fundi (utaona kwanini), na kabla yao wote alikuwepo Chris Jaeb ambae tayari alikuwa anahangaika na wazo la kuwapelekea watu matangazo ya michezo wakiwa mbali na redio zao. Cuban na Wagner walisoma Indiana University, sa wamehamia Dallas na wanataka kusikiliza basketi ya chuo chao na redio za Indiana hazifiki Texas. Basi. Ni shida ileile ya Mtanzania aliyeko Houston siku ya Simba na Yanga, ambae zamani alikuwa anampigia simu mdogo wake Kariakoo amuwekee simu karibu na redio.

Na Cuban hakuwa maskini, hilo nalo watu huliruka. Mwaka 1990 alishauza kampuni yake ya kompyuta, MicroSolutions, kwa CompuServe, kampuni ya huduma za mtandao, kwa dola milioni 6 hivi. Kwahiyo hata waliposema wameanza na kompyuta ya Packard Bell kwenye chumba cha ziada nyumbani ni kweli, ila ni chumba cha mtu mwenye akiba benki. We na wenzako msijilinganishe na chumba, jilinganisheni na akiba.

Sa, waliwezaje. Mwezi wa nne 1995 kampuni ya Seattle ya Rob Glaser, Progressive Networks, hao ambao baadae wakaitwa RealNetworks, walitoa programu inaitwa RealAudio. Kabla ya hapo ukitaka kusikia sauti ya mtandaoni ilibidi uipakue yote kwanza ndo uicheze, dakika tano za sauti unasubiri kwa saa nzima hivi. RealAudio ikaja na kitu kimoja, sauti inabanwa mpaka inakuwa nyembamba kabisa, kama kilobiti 8 kwa sekunde, inapita kwenye modemu ya 14.4 (kile kifaa cha kuunga kompyuta na laini ya simu, kinapitisha kilobiti 14.4 kwa sekunde), na inaanza kucheza wakati bado inakuja. Mlio wake ulikuwa kama redio ya masafa ya kati usiku wa mvua lakini unasikia goli likiingia. Septemba 5 mwaka huohuo wakarusha mechi ya besiboli ya Seattle Mariners na New York Yankees laivu kwa njia hiyo. Programu ya kusikilizia waligawa bure, hela yao ilikuwa kwenye programu ya seva, yani ya kompyuta inayowagawia wasikilizaji sauti, na hiyo walikuwa wanaiuza kwa idadi ya watu wanaoweza kusikiliza kwa pamoja. Weka hilo akilini.

Kule Dallas walianza na redio ya hapohapo mjini, KLIF. Unachukua sauti ya redio, unaingiza kwenye kompyuta, kompyuta inabana, inatuma kwa seva, seva inagawa. Baadae wakahamia kwenye godauni mtaa wa Deep Ellum, wakafunga madishi ya setilaiti juu ya paa kunasa redio za mbali. Kiufundi hakukuwa na uchawi wowote, fundi yeyote mzuri wa wakati ule angeweza na wengi waliweza, redio ya chuo cha North Carolina, WXYC, ilikuwa mtandaoni toka Novemba 1994, karibu mwaka mzima kabla yao. Kwahiyo anaekwambia Cuban aligundua redio ya intaneti mwambie apumzike.

Ugumu ulikuwa sehemu nyingine, na hapa naomba usome polepole maana hiki ndo ninachotaka uondoke nacho.

Redio ya kawaida ni kama adhana. Muadhini anaadhini mara moja, asikie mmoja au wasikie mtaa mzima, koo lake linachoka vilevile. Umeme wa mtambo wa FM haupandi bei eti kwasababu leo kuna derby. Striming, yani huku kurusha kwa intaneti, sio adhana. Striming ni kama mama ntilie, kila mteja anaekaa lazima apakuliwe sahani yake, wali wake, maharage yake. Kila anaesikiliza anatumiwa nakala yake peke yake kutoka kwenye seva mpaka kwenye kompyuta yake. Wakija 10 unatuma mara 10. Wakija 10,000, kitu kilekile unakituma mara 10,000.

Piga hesabu na mimi. Laini ya maana ya ofisi Marekani wakati ule ilikuwa inaitwa T1, ina megabiti 1.544 kwa sekunde, na kwa mwezi ilikula dola elfu na zaidi. Msikilizaji wa modemu ya 28.8 unamtumia kama kilobiti 20. Gawanya: 77. Kwenye karatasi ni watu 77, kiuhalisia pungufu. Yani laini ya dola elfu inajaa kwa watu wanaoenea kwenye daladala tatu! Ukitaka watu 10,000 unahitaji laini kama hizo 130 hivi, au laini kubwa za T3 tano, na bado hujalipia leseni ya seva kwa kila kichwa. Ndo maana nasema kwenye biashara hii ukipendwa unaletewa bili. Redio ikipendwa inatajirika, striming ya 1995 ikipendwa inakufa.

Nimelijua hili kwa aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2010, mkongo wa SEACOM una mwaka mmoja tu toka ufike pwani yetu (Julai 2009), kabla ya hapo tulikuwa tunanyonya intaneti kwa setilaiti kwa bei ya dhahabu, mi nikajifanya mjanja nikasema nitarusha harusi ya ndugu yetu laivu, waone wa Muscat, wa London na wa Minnesota. Seva nikaweka palepale ofisini. Laini ya kutuma ilikuwa kilobiti 512, video nimeibana mpaka 50. Kumi wakaingia safi, vigelegele vinasikika mpaka Muscat, shangazi analia kwa furaha. Wa 11 alipoingia wakaganda wote. Wote mdogo wangu! Bibi harusi amefunua mdomo, kaganda hivyohivyo nusu saa, na mimi najua kabisa tatizo ni mimi sikupiga hesabu ya kugawanya. Mpaka leo kwenye vikao vya familia naitwa Mzee wa Kuganda.

Kulikuwa na dawa ya kiufundi, inaitwa maltikasti. Unatuma nakala moja tu, njiani mitambo ya mtandao ndo inazidisha pale njia inapogawanyika. Ilikuwepo toka 1992 kwenye mtandao wa watafiti ulioitwa MBone, na Novemba 1994 Rolling Stones walirusha kipande cha shoo yao humo, na shoo yenyewe ilikuwa Dallas, Cotton Bowl, mji uleule ambao mwaka mmoja baadae AudioNet inaanza. Hao AudioNet nao waliijaribu baadae. Lakini kwenye intaneti ya kawaida haikushika, maana ilitaka kila kampuni ya intaneti njiani iwashe kwenye mitambo yake, na wao wanauliza: sa tunamtoza nani? Hamna aliejibu vizuri. Miaka ya mwisho ya 90 ikaja kampuni ya Akamai, ya watu wa chuo cha MIT, na njia nyingine, wakatawanya seva kila kona ili nakala isitoke mbali, na wao walikuwa na jibu la nani analipa: mwenye maudhui.

Haya, kama kila kichwa ni gharama, Cuban na Wagner waliponaje?

La kwanza ni mikataba. Hapa ndo nakwambia mwanasheria alikuwa na kazi kuliko fundi. 1995 na 1996 walizunguka kwenye redio na vyuo wakisema tupeni haki ya kuwarusha mtandaoni, sisi tu na sio mwingine, na baadhi ya redio zikalipia huduma hiyo ya kurushwa kwa nafasi za matangazo hewani badala ya hela. Mkurugenzi wa redio wa 1995 ukimwambia haki ya intaneti anaona kama unamuomba haki ya kurusha mwezini, anasaini. Kufika 1998 wana redio zaidi ya 300, na mechi za timu zaidi ya 400 za vyuo na za kulipwa. Mtu mwingine anaweza kununua seva kama zao kesho asubuhi, lakini hizo sahihi hanunui. Waliuziwa shamba la barabarani kabla barabara haijachorwa.

La pili, walijua msikilizaji wao yuko wapi. Tunafikiria mtu yuko nyumbani na modemu, kumbe wengi walikuwa ofisini mchana. Ofisini hamna TV, redio ya AM ndani ya ghorofa la vioo haishiki vizuri, lakini mezani kuna kompyuta na kampuni ndo inalipia laini ya intaneti ya haraka. Kwahiyo upande wa mpokeaji gharama ilikuwa inabebwa na bosi wake bila kujua. Mi hili huwa linanichekesha.

La tatu, na ndo jibu la swali lako, ni makampuni. Mpira na muziki viliwaleta watu na viliwatangaza, ila hela nzuri zaidi ilitoka kwa kampuni kubwa zilizotaka kurusha mkutano wa wanahisa, taarifa ya mapato ya robo mwaka, uzinduzi wa bidhaa, mafunzo ya wafanyakazi waliotawanyika nchi nzima. Fikiria tofauti yake. Mechi ya chuo hujui watakuja 50 au 50,000, na wote wanakaa bure, tangazo linakuletea senti kidogo kwa kila mmoja. Mkutano wa kampuni unajua kabisa ni watu 300, dakika 60, na anaelipa ni mmoja, anatumiwa ankara, na anaona rahisi sababu mbadala wake ni kuwasafirisha watu 300 kwa ndege na kuwalaza hotelini. Kwa mama ntilie ni tofauti ya kukaa barabarani kusubiri njaa za watu na kupata tenda ya kulisha semina.

Yale mambo ya kelele yalifuata. Februari 1999 walirusha shoo ya mavazi ya Victoria's Secret, kampuni ya nguo za ndani, ambayo yenyewe iliitangaza shoo hiyo kwenye Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, wakaja watu kama milioni moja na nusu, na wengi hawakuingia au waliona picha ya ukubwa wa stempu inakatika katika. Kama huduma ilifeli, kama tangazo la kampuni ilikuwa dhahabu, kesho yake kila gazeti linaongelea striming.

Na kelele ilikuwa na faida sababu hisa zilishaanza kuuzwa. Waliingia soko la hisa Julai 1998 kwa dola 18 kwa hisa, jioni ya siku hiyohiyo ziko 62.75. Aprili 1999 Yahoo wakatangaza kuinunua kampuni kwa dola bilioni 5.7. Sasa sikiliza, bilioni 5.7 za HISA za Yahoo, sio noti. Na kampuni ilikuwa bado inakula hasara. Kwahiyo ukiniuliza mabilioni yalitoka wapi nakujibu yalitoka kwenye bei ya hisa za Yahoo za mwaka 1999, bei ambayo yenyewe ilikuwa homa. Cuban hilo alilijua, sababu alichofanya kilichofuata ndo cha akili kuliko vyote: alinunua haki ya kuziuza hisa zake kwa bei isiyoshuka chini ya dola 85 hata zikianguka vipi, na ili apate hela ya kulipia hiyo kinga akakubali kuachia faida endapo zingepanda mno. Watu wakamcheka maana kwa muda ziliendelea kupanda. Alafu 2000 ikaja, hisa za Yahoo zikaporomoka zaidi ya asilimia 90 kufika 2001, na yeye Januari 2000 alishanunua timu ya basketi ya Dallas Mavericks kwa dola milioni 285. Wafanyakazi wengi wa Broadcast.com walikuwa mamilionea wa kwenye karatasi, na waliosubiri, karatasi ikabaki karatasi. Yahoo wenyewe huduma ile wakaifunga 2002.

Wengine wa kipindi kile walioingia kwa gia ya kutengeneza vipindi vyao wenyewe, kina DEN wa Los Angeles na Pseudo wa New York, wote walifunga mwaka 2000 na mamilioni ya dola ya wawekezaji yameliwa. Sina la zaidi kuwasemea, ni hesabu ileile ya sahani tu, pamoja na sherehe nyingi.

Kitu kimoja kuhusu muziki, maana najua mapumziko mnapiga bongofleva. Marekani mwaka 2002 serikali ilipanga bei ya redio za mtandaoni kulipia rekodi, senti 0.07 kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji. Inaonekana vumbi. Nyimbo 15 kwa saa, wasikilizaji 1,000, unadaiwa dola kumi na nusu kwa saa moja. Unaona inavyorudi? Kwa kila kichwa tena. Huku kwetu YouTube watakukamata kwa njia nyingine, video inafungwa sauti au hela ya tangazo inaenda kwa mwenye wimbo, kwahiyo mapumziko wekeni ngoma ya mdundo ya vijana wa hapohapo mlioandikiana nao.

Sa turudi Morogoro.

Seva msinunue. Mngekuwa 1998 ningewaambia vingine, leo nyie mnatuma nakala moja tu YouTube au Facebook na wao ndo wanapakua sahani zote. Lakini gharama haijafa, imehamia kwa mtazamaji, kwenye bando lake. Video ya megabiti moja tu kwa sekunde, dakika 90 inakula MB 675. Nani wa Kihonda atamaliza MB 675 kuangalia nusu fainali ya kata, wakati uwanja uko mwendo wa bodaboda? Sauti tupu ya kilobiti 32, mechi nzima, ni kama MB 22. Ishirini na mbili! Kwahiyo rusheni vyote viwili, video kwa walioko mbali wenye waifai ya nyumbani, wale watoto wa Morogoro walioko Dubai na Ulaya, na sauti kwa wa hapa wenye bando la kubana. Wenye AudioNet walianza na sauti kwasababu hawakuwa na jinsi, nyie mna sababu nzuri zaidi.

Mikataba, kafanyeni wiki hii. Nendeni kwa waandaaji wa ligi, karatasi moja tu, iseme haki ya kurusha mtandaoni picha na sauti, kwa misimu mitatu, nyie peke yenu, na marudio ni ya nani. Muandaaji leo atasaini kwa jezi mbili na mipira. Siku ligi ikipata mdhamini hatasaini tena, ataita mkutano. Na wekeni shahidi, maana viongozi wa ligi za mtaani wanabadilika kuliko makocha.

Hela ya kulipa bando na nauli msiitegemee kwenye matangazo ya YouTube, mtazeeka. Tafuteni nyie semina yenu. Mkutano mkuu wa SACCOS ambao nusu ya wanachama wako mikoani, mahafali ya shule ambayo wazazi hawakufika, msiba ambao watoto wa marehemu wapo nje na hawawezi kuwahi. Hapo anaelipa ni mmoja, idadi inajulikana, bei mnakubaliana kabla, nusu mkononi. Kamera ni ileile na laptop ni ileile ya Jumamosi uwanjani.

Na kamera ya pili hapana, bado. Hiyo hela nunueni maiki mbili nzuri zenye sponji ya upepo, na mtafuteni yule jamaa anaetangaza mechi kwa kipaza sauti cha kijiweni, kila mtaa anae, mlipeni hata elfu kumi kwa mechi. Picha ikiganda na mtangazaji anaendelea kupiga kelele watu wanabaki, jaribuni mechi moja muangalie namba zenu, alafu niandikie.